Uzoefu wangu: kusuka upya injini ya 3L kwenye Hilux ya zamani mpaka ikaacha kuchemsha

Wakuu, naona watu wengi sana wanahangaika na hizi Hilux za zamani, mtu anafungua injini, analipa hela ndefu, miezi miwili mbele gari inachemsha tena na fundi hapokei simu. Mimi yangu ni LN106 ya mwaka 1995, injini 3L, ile dizeli ya 2.8 isiyo na tabo, nabebea vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kupandisha Iringa, kwahiyo kila mzigo lazima upite Kitonga, na anayeijua Kitonga anajua ule mlima haufichi ubovu wa gari ya mtu. Naandika nilichonunua, kilichonilipa, na kilichokuwa kimeo. Msimamo wangu nauweka kabisa mwanzoni: kwenye hizi injini hela inatakiwa iende kwenye upande wa maji kwanza ndio pistoni zifuate, ila mafundi wengi ukiwapelekea gari inayochemsha wanakimbilia ringi na beringi.

Gari niliichukua kwa mwalimu mmoja mstaafu, bodi safi, chasisi haijaliwa na kutu, na mzee wa watu hakunificha, alisema inakunywa maji. Bei ikawa chee kwa sababu hiyo na hesabu ya injini nilishaiweka humohumo. Dalili zilikuwa zote. Asubuhi ukiwasha ikiwa ya baridi, hata dakika chache hazijaisha hozi ya juu ya rejeta imeshakakamaa, ukifungua mfuniko kabla ya kuwasha alafu mtu akawasha unaona vipovu vinapanda havikomi, lile kopo la akiba linajaa mpaka linamwaga na gari ikipoa maji hayarudi kwenye rejeta. Oili ilikuwa safi kabisa, haikuwa chai ya maziwa, na hapo ndio wengi wanapodanganyika, mtu akichomoa dipistiki akaona oili safi anasema hedi nzima hii (hedi ni kile kipande cha chuma kinachofunika silinda kwa juu). Ufa wa hedi ya hizi injini za familia ya L mara nyingi unatoka kwenye chumba cha moto kwenda kwenye njia ya maji, oili haiguswi. Presha ya moto inaingia kwenye maji, maji yanasukumwa nje, yakipungua ndio gari inachemsha, na ikichemsha ufa unaongezeka. Yaani inajiua yenyewe taratibu.

Nilipoipeleka gereji ya kwanza jibu lilikuwa jepesi, "kaka hizi tunang'oa thamostati zinapoa." Sasa bahati mbaya kwake thamostati haikuwepo, ilishang'olewa zamani na fundi maiko mwingine. Na hili naomba niliseme kwa urefu kidogo maana ni ugonjwa wa nchi nzima. Maji ya hii injini yana njia ya pembeni, yakiwa ya baridi yanazunguka ndani ya injini tu, yakifika kwenye nyuzi 82 hivi thamostati inafungua kwenda rejeta na wakati huohuo inabana ile njia ya pembeni. Ukiing'oa, njia ya pembeni inabaki wazi muda wote, kwahiyo sehemu ya maji ya moto inarudi ndani ya injini bila kuonja rejeta. Kwenye tambarare hutaona tofauti, labda utaona geji iko chini ukafurahi, ila ukiwa na mzigo mlimani unakuwa umejipunguzia upoozaji kwa mkono wako mwenyewe. Toyota kwenye vitabu vyao vya ufundi wanaandika wazi usiing'oe hata kama injini ina tabia ya kuchemsha. Thamostati ni moja ya vitu vya bei ndogo kuliko vyote nilivyonunua kwenye hii kazi, nikachukua orijino, na ile tundu ndogo yenye kipini kinachochezacheza ikakaa juu ili upepo utoke wakati wa kujaza maji.

Fundi niliyemwachia kazi ni mzee mmoja hapa Iringa, hana bango wala nini, ana mti wa mwembe na vijana wake. Nilimchagua kwa sababu ya maswali yake. Nimefika, shikamoo mzee, marahaba, akauliza ni 3L au 5L, nikamwambia 3L. "Imeshachemka mara ngapi?" Nikasema mwenye nayo wa mwanzo mwenyewe hakumbuki. Akacheka kidogo, "basi mwanangu tusibishane, hedi ikapimwe, na hela ya kununua chochote usitoe mpaka tuone majibu." Fundi anayekukataza kutoa hela, huyo kaa naye.

Hedi ikashushwa ikapelekwa kwa watu wa mashine, nikaenda nayo mwenyewe kwenye boda maana nilitaka kuona kwa macho. Kipimo kiko hivi: wanafunga bamba la chuma lenye mpira chini ya hedi, matundu yote ya maji yanazibwa, hozi ya kompresa inaingizwa kwenye tundu moja, alafu hedi inazamishwa kwenye maji ya moto. Lazima yawe ya moto, kwa sababu ufa mwingine chuma kikiwa baridi umefumba, kikipanuka ndio unaachia. Mwanzo kimya. Mi nikaanza kujipa moyo. Yule kijana akasema subiri ipate joto. Ikatoka povu moja silinda ya tatu, katikati kabisa ya valvu ya kuingiza na ya kutoa moshi, likakaa pale limeng'ang'ania chuma kabla ya kupanda, likafuata lingine, alafu yakaanza kupanda kwa mfululizo, na silinda ya nne nayo ikajibu pembeni ya kile kikombe cha moto wa awali. Nyufa mbili. Wakaitoa, wakaweka rula ya chuma na fila geji, ikawa imepinda kupita kile kiwango cha mwisho cha 0.20 mm. Kipimo chenyewe bei yake ni ya kawaida sana na hii ndio huduma naipa nyota tano bila kufikiria, kwa sababu imenitoa kwenye kubahatisha. Ukisikia fundi anasema hedi ameiangalia kwa macho iko poa, mwambie asante.

Hapo kuna njia tatu. Kuchomelea, kununua hedi ya mtumba, au mpya. Hedi ya hizi L ni chuma cha kumimina, sio alminiamu, na chuma cha kumimina kuchomelea kunataka kipashwe joto chote, kichomelewe, alafu kipoozwe polepole, ukifanya haraka inapasuka pembeni ya pale ulipochomelea. Wapo wanaoweza, ila dhamana hawakupi. Ya mtumba nayo unanunua historia ya mtu mwingine, unaweza ukatoa hela ukaipima ikatoa mapovu yaleyale. Nikaenda na mpya, sio ya Toyota maana hiyo bei yake nilivyotajiwa nikawa mdogo kama piritoni, nikachukua ya kampuni nyingine, ikiwa imekamilika na valvu zake na vifuniko vya kamshafti, ile shafti inayofungua valvu. Kwenye vile vifuniko msikubali ujanja wa kuhamisha vya hedi ya zamani, vinachongwa pamoja na hedi yake, ukichanganya kamshafti inabana au inakula. Na kabla ya kufungwa na hiyo mpya pia tuliipeleka kwenye kipimo cha mapovu. Kijana wa mashine alinishangaa ila akapima, ikawa nzima, nikalala vizuri.

Duka la kwanza nililonunua gasketi ya hedi, ile inayokaa kati ya hedi na bloku, walinipiga. Boksi limeandikwa vizuri, stika inang'aa, ndani gasketi ile ringi ya chuma kwenye matundu ya silinda ukigusa kwa kucha inacheza. Mzee akaishika tu akairudisha kwenye boksi, hakusema neno. Ikabidi niagize Kariakoo kwa mtu ninayemwamini ikaja na basi. Na kuagiza kwenyewe sio kusema tu "naomba gasketi ya 3L", kwa sababu zipo za unene tofauti, zina alama B, D na F, zinapishana sehemu ya kumi ya milimita tu. Inayokufaa inategemea pistoni zako zinachomoza kiasi gani juu ya bloku zikifika juu kabisa. Kwahiyo bloku inafungwa kwanza na pistoni zake, unaweka dailo geji juu ya pistoni, unazungusha krenki kwa mkono taratibu, mshale unapanda mpaka unageuka, unaandika, unahamia ya pili, na inayochomoza zaidi ndio inaamua. Yangu iliangukia D. Mafundi wengi wanaweka yoyote iliyopo dukani, ikiwa nyembamba kuliko inavyotakiwa kuna hatari pistoni ikagusa, ikiwa nene kompresheni inashuka na asubuhi kwenye baridi la Iringa utasukuma gari.

Bloku nayo ilikuwa na kisa chake. Ringi zilikuwa zimechoka kweli, silinda zimeliwa, zikapanuliwa tukaweka pistoni kubwa zaidi, za 0.50 mm juu ya saizi ya kawaida, beringi za krenki na za koni mpya, pampu ya oili mpya, hapo sina la ajabu la kusema, ni kazi ya kawaida na watu wa mashine waliifanya safi. La ajabu lilikuwa upande wa maji. Mzee aliamuru zile plagi za bati za pembeni ya bloku zitolewe zote, ilipotoka ya nyuma kabisa karibu na silinda ya nne yakawa hayatoki maji, limetoka tope. Tope la kutu jekundu, limeganda, dogo wa gereji analichimba na waya wa spoku ya baiskeli, na likawa linaendelea kutoka tu mpaka nikashangaa maji yalikuwa yanapita wapi. Silinda ya nne ndio iko mbali na wota pampu, uchafu wote unaishia kukaa huko, na kumbuka hedi yangu ilipasuka kwenye ya tatu na ya nne. Ungefunga hedi mpya juu ya hilo tope ingepasuka palepale. Miaka yote hiyo gari ilikuwa inajazwa maji ya kisima yenye chumvi, hakuna kulanti (dawa ya rejeta) hata tone, chuma kinaota kutu na chumvi inajenga ganda ndani. Ukifanya ovahoo na hizo plagi hazijaguswa hujafanya ovahoo.

Kufunga hedi mzee alitumia toki renchi, kuanzia boliti za katikati kwenda nje, hatua ya kwanza kwa kipimo, alafu kila boliti robo mzunguko, alafu robo mzunguko tena, na alichora alama ya rangi kwenye kila kichwa cha boliti ili asisahau aliyokwisha kuigeuza. Boliti zilikuwa mpya. Taimingi belti mpya na tenshena yake, hiyo ni lazima, ikikatika kwenye hii injini valvu zinakutana na pistoni, na kubadilisha ni kila kilomita 100,000.

Sasa rejeta. Hii ndio sehemu nilitumia muda na hela kubwa baada ya hedi. Ya zamani ilikuwa ya shaba, nikampelekea fundi rejeta akafumua tenki la juu, nusu ya vile vimirija vimeziba kabisa. Alivipitisha bapa ya chuma kimoja kimoja, vingine vikatoboka, akasema hii nikuzibie itakupeleka ila sio Kitonga. Namheshimu kwa hilo. Nikajaribu kwanza mpya ya alminiamu yenye matenki ya plastiki, bei nzuri, inang'aa, nyepesi. Kwa anayezunguka mjini inatosha. Kwangu mimi kwenye barabara mbovu za kuingia mashambani ilianza kuvuja kwenye maungio ya plastiki mapema mno, duka wakasema dhamana haihusu barabara mbovu, sasa pikapu ipite wapi. Nikaitoa nikaweka ya shaba ya safu tatu, imetengenezwa upya kiini chote kwa kutumia matenki yangu ya zamani. Nzito, ghali, na naipa alama zote. Ikitoboka porini fundi yeyote mwenye risasi ya kuunganishia anaiziba.

Mfuniko wa rejeta msiudharau. Wangu umeandikwa 0.9, ndio presha unayobana kabla ya kuachia. Iringa tuko juu, kwenye mita 1,600 hivi, maji kwenye sufuria yanachemka kwenye nyuzi 95 tu, wakati injini yenyewe ikiwa mzigoni inafanya kazi karibu na hapo. Kinachozuia yasichemke ni presha ya mfuniko, ukibana vizuri maji matupu yanaweza kufika kama nyuzi 115 kabla ya kuchemka, na kulanti inaongeza kidogo. Mfuniko ambao raba yake imeisha ukibaki kama kizibo tu gari inachemsha ikiwa na joto ambalo lingekuwa salama kabisa. Nilibadilisha na mpya, na kulanti naweka nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, hayo ya madumu ya betri. Kuna kulanti za bei rahisi ambazo ni maji ya rangi, ukiimimina kidoleni haina utelezi wowote, hizo acheni.

Feni nayo ina kitu ambacho watu hawajui kama kinaleta shida. Ile klachi ya feni ina mafuta mazito ya silikoni ndani, yakivuja au kuzeeka feni inazunguka lakini haivuti upepo. Zima injini ikiwa ya moto sana uangalie, feni ikiendelea kuzunguka yenyewe mara nyingi imekufa, inatakiwa isimame karibu na injini. Fundi mwingine atakwambia tuichomelee izunguke moja kwa moja, kelele itakuua na mafuta utayaona. Nilifungua tukajaza silikoni ya Toyota, zile chupa ndogo, ikarudi ikawa inanguruma asubuhi. Na lile kava la plastiki linalozunguka feni lilikuwa limepotea siku nyingi, nikalitafuta kwenye spea za mtumba. Bila hilo feni inazungusha upepo uleule wa ndani ya boneti badala ya kuuvuta kupitia rejeta. Mafundi wanalitoa ili wapate nafasi ya mkono alafu hawalirudishi.

Pampu ya dizeli nilipeleka kwa mtaalamu na nozeli zake, na hapo nikagundua kuna mtu alishaongeza skrubu ya mafuta ili gari iwe na nguvu. Nguvu inakuja kweli na moshi mweusi, pamoja na joto kwenye hedi ambalo rejeta haiwezi kulibeba mlimani. Ikarudishwa kwenye kipimo. Gari imekuwa nzito kidogo, nakubali.

Kitu cha mwisho nilichonunua ni kijikengele cha joto, kihisio chake kinafungwa na boliti kwenye chuma cha hedi yenyewe. Geji ya kwenye dashibodi inasoma maji, maji yakiisha ghafla kihisio kinabaki kwenye mvuke na mshale unaweza hata kushuka wakati injini inaungua. Hiki kinasoma chuma. Maandishi yake madogo na kwenye jua huyaoni, waya zake nyembamba nilizifunga upya mwenyewe, ila mlio wake unausikia hata madirisha yakiwa wazi. Kwa bei yake ningekinunua hata kama gari haina tatizo.

Matokeo sasa. Baada ya kuizoesha kwa safari za mjini bila mzigo na kumwaga oili mapema, nikapakia magunia Mbuyuni saa nane mchana, jua la kwenye mibuyu mnalijua. Kitonga nilipanda gia ya pili, sikuilazimisha ya tatu, kwa sababu injini ikizunguka vizuri wota pampu na feni nazo zinafanya kazi, ukiivuta kwa gia kubwa ikiwa inakoroma moto unaongezeka na upepo hamna. Nyuma ya semi iliyojaa, mwendo wa kutembea kwa miguu, kona baada ya kona. Kisomeo cha kile kijikengele kilipanda, kikasimama, feni ikaanza kunguruma, kikashuka kidogo. Nimefika Ilula nikasimama kwa wauza nyanya nikagusa hozi ya juu, ya moto ila inabonyea. Kopo la akiba lilikuwa palepale kwenye alama.

Bei kamili siziandiki maana zinabadilika kila kontena likishuka, ila kwa uwiano hedi na rejeta na vikorokoro vya maji vimekula zaidi ya pistoni, beringi na kazi ya mashine kwa pamoja. Kuna wanaoniambia kwa hela ile ningechukua injini ya mtumba ya Japani nikatupia. Inawezekana, na kama bloku yako imepasuka au krenki imekatika ndio njia. Ila nayo hujui hedi yake ikoje, na ukibadilisha injini namba haifanani na kadi ya gari, kuna safari ya kwenda kurekebisha hayo, na rejeta yako mbovu inabaki palepale inamsubiri mgeni.

Manung'uniko yangu yaliyobaki: sili ya nyuma ya krenki imeanza kulia tone tone, mzee amesema niilete na atashusha gia boksi bila kunidai kazi, nalipia sili tu. Na muda, kazi ilichukua karibu mara mbili ya alivyoahidi kwa sababu vijana wake wakipata gari ya haraka wanaacha yako. Ukienda kwake usipeleke gari ambayo una mzigo wiki ijayo.